Kuku Aliyetangulia Mizani

Siku ninayoikumbuka kuliko zote nilizofanya kazi ghalani, mwanangu, ilianzia kwenye kuku. Nilikuwa bado msichana, tumekimbia vita Kivu ya Kusini, Kongo, na kupokelewa hapa Uganda, kambi ya Nakivale, nami nikapata kazi kwenye ghala la maharagwe pale Kabingo. Mwenye ghala alikuwa tajiri wa Mbarara. Lori lake likija linajazwa, linaondoka.

Kazi yangu ilikuwa jino. Usicheke! Mkulima akifika na gunia, nilichota maharagwe ya katikati, si yale ya juu ya kupendezesha macho, nikauma moja. Likipasuka ka! limekauka, gunia linaenda kwenye mizani. Jino likizama, ni mabichi, yarudi juani. Maana gunia bichi likiingia kwenye lori linachemka humo ndani na kuharibu mengine, na kule Mbarara wanakataa mzigo wote wa wakulima wote. Samaki mmoja akioza, wameoza wote.

Basi kesho lori linakuja, leo alasiri Baba Ezekieli akabisha hodi nyumbani kwetu. Huyu tulitoka naye kijiji kimoja. Siku tulipokimbia mama alikuwa mgonjwa, hawezi kutembea, na Baba Ezekieli ndiye aliyempakia kwenye baiskeli yake na kumsukuma mpaka tukavuka. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na sisi rafiki tulikuwa tunamjua kwa jina. Mkononi alikuwa na kikapu, ndani kuku jike mnono amefungwa miguu.

"Binti yangu," akasema, "ni ka-kuku tu, haiko kitu mingi. Kesho na mimi naleta maharagwe. Utaniangaliaka."

Mimi tangu utoto ni mtu wa maswali. Mama alikuwa akisema nikifika mbinguni nitamuuliza Malaika Gabrieli amekula nini asubuhi. Kwa hiyo nilichuchumaa mbele ya yule kuku nikamwangalia, naye akaniangalia kwa jicho moja. Nikamuuliza: wewe, Krismasi zote zile ulikuwa wapi? Nilipopata kipaimara hukuja. Kaka alipooa hukuja. Nyumba yetu umeijuaje wiki hii niliyopewa kazi ya jino? Ninachokisikitikia mpaka leo ni kwamba nilimuuliza kuku, sikumuuliza mwenye kuku.

Kwetu, unajua mwenyewe, zawadi haikataliwi. Kuikataa ni kumkataa mtu. Na kikapu kilicholeta zawadi hakirudi kitupu. Nikajiona mjanja kweli: nikatia sukari na mche wa sabuni kwenye kikapu, nikampelekea kabla giza halijaingia. Kuku kwa sukari, tumelingana, hakuna anayemdai mwenzake. Baba Ezekieli akachungulia ndani, akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Aksanti mingi, binti. Sasa njo tumesikilizana."

Nikarudi nikijiuliza tumesikilizana nini. Nikajiuliza njia nzima, nikafika, nikalala.

Asubuhi nikamsimulia Mama Kyomugisha, Mnyankole, mwenyeji wa huku, aliyekuwa anashika mizani. Alikuwa mtu mzima pale kazini kuliko sisi wote, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

"Huyo mzee iko ndugu yako?"

"Hapana, Mama. Ni jirani."

"Na leo analeta maharagwe?"

"Ndiyo."

"Eh! Na wewe ulimwambia nini na mdomo yako?"

"Sikumwambia kitu. Nilimrudishia sukari."

Akaweka chini jiwe la mizani, akaniangalia kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniudhi. "Mwana wangu, wewe ulisema na kikapu. Kikapu haijui kusema hapana. Ye anajua umekubali."

Nikanuna. Nikasema moyoni, huyu anajua nini kuhusu desturi zetu? Kumbe alikuwa amezijua kuliko mimi, kwa kuwa kwao pia zawadi ikijibiwa kwa zawadi urafiki umefungwa. Sukari yangu haikulipa kuku. Ilimpigia muhuri.

Jua halijawa kali, Baba Ezekieli akafika na magunia yake juu ya boda, kutoka shamba alilokodi upande wa Ngarama. Alipita foleni yote akisalimia watu kwa furaha, akashusha mbele kabisa, hata kamba hakufungua. "Upitishe tu, binti. Tulishasikilizana."

Nilijua kwa nini ana haraka. Binti yake alikuwa anasoma Mbarara, shule inafunguliwa, na bila lori la siku ile hakuna ada. Moyoni nikamwona mama yangu juu ya baiskeli ile. Foleni nzima macho kwangu. Nikafungua kamba, nikazamisha mkono mpaka kiwiko, nikauma. Jino likaingia kama kwenye mkate.

"Baba, ni mabichi."

Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Sasa ile sukari uliniwekea mu kikapu ilikuwa ya nini?"

Nikaeleza, maneno yakagongana mdomoni.

"Mama yako nilimubeba ku velo yangu," akasema polepole. "Sikumuomba hata kitu."

Mwanangu, nililia mbele za watu, sikufichi. Nikamwambia, "Baba, deni hilo ninalo mpaka naingia kaburini, na ukiniita usiku ama mchana nitakuja. Lakini lori si langu." Akageuka, akayavuta magunia pembeni mwenyewe, akayaanika juu ya turubai. Lori liliondoka bila yake, na binti yake alichelewa shule.

Sasa sikiliza. Nyuma yake kwenye foleni alikuwa Mama Evariste, mjane wa Burundi, na gunia moja tu. Nikauma: ka! Nikauma jingine: ka! Maharagwe ya kupigia mfano. Lakini ndani ya kitenge chake kitu kikafurukuta, kikalia.

"Mama, umebeba nini humo?"

Akainamisha kichwa. "Wanasema hapa bila kuku gunia haipite. Niko na hii moja tu, njo inatagia watoto mayai. Nikasema basi, nitafanya je?"

Nani alimwambia? Hakuna aliyemwambia, watu walikiona kikapu kikiingia kwetu mchana kweupe. Kuku mmoja niliyempokea alikuwa ameshaanza kuwaita wenzake, tena kutoka kwa watu wenye maharagwe makavu. Mama Kyomugisha akapima gunia, akamwambia, "Rudi na kuku yako nyumbani, mama." Jioni nami nikambeba yule wa Baba Ezekieli, nikamrudisha, na safari hii nikasema kwa mdomo. Alimpokea, hakunikaribisha kukaa. Msimu mzima alinisalimia kwa kidevu tu, na iliniuma.

Wewe umepata kazi Mbarara, ya kununulia ofisi vitu. Huko kuku hawalii. Wanakuja kama muda wa simu, chakula cha hotelini, bahasha ya Krismasi. Jiulize: nisingekuwa kwenye kiti hiki, mtu huyu angeijua nyumba yangu? Kama jibu ni hapana, mwambie siku hiyohiyo, kwa heshima, kwa maneno, wala usimlipe zawadi kwa zawadi. Mkubwa wako asikie kwako kabla ya kusikia kwa watu. Kisichorudishika kiweke mezani kiliwe na wote, na aliyekileta ajue kimekwenda wapi. Watakuambia mkono mtupu haulambwi. Nawe uwajibu: kizuri chajiuza.

Wala usidhani unayemwumiza ni tajiri peke yake. Kila unachopokea, kuna mtu mwenye mali safi anakwenda kumfunga miguu kuku wake wa mwisho.

Nenda, mwanangu. Mungu ailinde mikono yako, akupe na ulimi wa kusema mapema. Na atakayekuja mlangoni kwako bila kitu mkononi, akukute unamwambia karibu.