Muhtasari Uchukuliwe Kuwa Umesomwa

Baba yangu alikuwa mtu wa kuchosha. Msibani watu walimsifu kwa ukarimu, kwa shamba lake la ngano, kwa kazi zake za kanisa, na mimi nikakaa pale nikiwaza: mbona hamsemi ukweli, kwamba mzee huyu amewachosha miaka yote? Kila mkutano mkuu wa kijiji chetu, huku mashambani Karatu, alikaa benchi la mbele karibu na mlango wa ofisi, na mwenyekiti akishafungua kikao tu, yeye mkono juu. Kila mtu alijua anataka nini. Alitaka muhtasari wa mkutano uliopita usomwe wote, mstari kwa mstari.

Mikutano yetu haingii mambo mapya mpaka ya zamani yathibitishwe. Mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye mwandishi, anasoma yaliyosemwa mara ya mwisho, watu wananyoosha mikono kukubali kwamba ndivyo ilivyokuwa, mwenyekiti anasaini. Kuanzia hapo yaliyoandikwa ndiyo yaliyotokea, hata kama hayakutokea. Baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Kila ajenda ikisomwa alimsimamisha mtendaji, akageuka nyuma walikokaa bibi zetu wasiojua kusoma, akawaeleza kwa Kiiraqw, lugha yetu, kisha akauliza, "Ndivyo tulivyosema?" Bibi mmoja akisema sivyo, hapo hapo mjadala unafumuka. Saa nzima inakwisha hatujafika ajenda ya kwanza. Vijana tulikuwa tunatoka nje tukicheka, na mimi mwanawe nilicheka kwa sauti kuliko wote ili nisichekwe mimi.

Mimi ni dereva wa watalii, na dereva wa watalii anaishi kwa saa za watu wengine. Alfajiri uko lodji unapakia masanduku ya chakula, kabla jua halijachangamka uko kwenye geti la hifadhi na vibali mkononi. Madereva wenzako wakisema redioni chui ameonekana, magari yote yanakimbia. Mnafika, chui ameshaondoka, basi mnakimbilia kifaru. Miaka yote hiyo nimepita Ngorongoro katikati ya wafugaji wenye mambo mazito kuhusu ardhi yao, na niliyoyajua yalikuwa vipande vya dirishani. Na ya nchi vilevile. Niliyajua kwa vichwa vya habari kwenye simu: nasoma kimoja, nasikitika kidogo, nasukuma juu kwa kidole, nakutana na video ya mbuzi anayecheza. Methali ya haraka haraka haina baraka tunafundishwa tukiwa wadogo, na tunaisahau siku tunapopata leseni.

Baba alipofariki, mama aliniambia, "Siku ya mkutano nenda ukakae pale alipokuwa anakaa baba yako." Nikaenda, maana siku hiyo wageni wangu nilipaswa kuwachukua lodji saa saba mchana, na mkutano ulitangazwa saa tatu asubuhi. Nani asiyejua saa tatu ya mkutano wa kijiji? Tulianza saa tano. Mtendaji alikuwa ametuma picha za kurasa za muhtasari kwenye grupu la kijiji siku mbili kabla, kurasa sita. Mimi nilikuwa nimeweka alama ya dole gumba nikiwa kwenye foleni ya getini. Sikufungua hata ukurasa mmoja. Mkutano wenyewe ulioandikwa humo sikuwamo, nilikuwa mbali, Ololosokwan, na wageni.

Mwenyekiti akafungua kikao. Wote wakanitazama mimi, kwenye benchi la baba. Nilitazama saa. Nikasimama nikasema, kwa Kiswahili kizuri cha kuongea na wageni, "Mheshimiwa mwenyekiti, muhtasari tumeshatumiwa kwenye simu. Napendekeza uchukuliwe kuwa umesomwa, tuokoe muda." Watu walifurahi, wengine walipiga makofi. Mtendaji alitabasamu. Mikono ikapanda, na ya bibi zetu kule nyuma pia ikapanda. Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini. Waliniona nimekaa pale alipokaa baba, wakadhani nimeshasoma kwa niaba yao.

Majuma machache baadaye lori lilishusha nguzo na waya chini ya msitu, penye chemchemi yetu. Mwekezaji wa kambi ya wageni alikuwa amepewa chemchemi pamoja na njia ya kuiendea, ile ile ambayo mama amepita na ndoo tangu aolewe. Tulipokwenda ofisini kupiga kelele, mtendaji hakubishana nasi. Alifungua faili akatuonyesha ajenda ya saba ya ule muhtasari: wananchi wameridhia kwa kauli moja. Bibi mmoja alipotafsiriwa hayo alisema, "Mimi nilisimama nikakataa. Sote tulikataa." Ni kweli walikataa, nusu ya kijiji inajua. Lakini chini yake palikuwa na sahihi ya mwenyekiti na maneno kwamba muhtasari umethibitishwa na mkutano. Kwa wale bibi, kusomewa ndiko kulikokuwa kusoma kwao, na mimi ndiye niliyewanyima ili niwahi lodji.

Wilayani tulikwenda mara mbili. Ofisa alitupokea vizuri, akatupa viti, akatusikiliza. Kisha akasema muhtasari umethibitishwa, yeye atatengua vipi neno la mkutano mkuu? Mkutano mwenyewe ukae useme vingine. Basi tukaitisha mkutano. Wa kwanza akidi haikutimia, wa pili vivyo hivyo, wa tatu mvua. Watu walikuwa shambani, walikuwa kwenye bodaboda, na baadhi ya wale niliokuwa nikimcheka baba pamoja nao zamani walikuwa wameajiriwa kulinda hiyo kambi. Siwezi kuwalaumu. Niwalaumu kwa mdomo gani?

Sasa mama anazunguka kwenye korongo. Njia ya robo saa imekuwa ya saa nzima, na korongo mvua ikinyesha halipitiki. Nikaanza kumletea madumu ya maji kwa gari la kazini. Aliyapokea mara mbili, ya tatu akakataa. "Haya ni maji ya nyumba moja," alisema. "Jirani zangu waniangalie tu nikiyatumia?" Hajawahi kunilaumu, na ningeomba anilaumu. Siku moja, akiwa anachambua maharage, aliniuliza swali moja tu.

"Hivi wale wageni wako, uliwawahisha?"

Niliwawahisha. Saa saba kamili nilikuwa lodji, nikakimbiza gari mpaka juu ukingoni mwa kreta, na tulipofika kulikuwa na ukungu na mvua ya kukata na shoka. Hawakuona kreta yenyewe, hawakuona hata nyati. Walikaa ndani ya gari wakala ndizi zao, tukarudi. Sikumwambia mama. Nilimwambia, "Ndiyo, niliwawahisha," naye akaendelea na maharage yake.

Tangu hapo nimejaribu kupunguza mwendo. Nilisimama Nainokanoka, huko huko Ngorongoro, wageni walipotaka kupiga picha, nikaingia dukani kununua biskuti. Mfugaji mmoja alikuwa ananunua sukari, akanisalimia, nami nikajibu "poa" huku nikitafuta chenji. Akanishika mkono hakuniachia. "Wewe unatoka wapi, huko kumenyesha, nani mgonjwa, ng'ombe wa huko wako vipi?" Nilimjibu yote. Naye akanipa habari zake taratibu, kuanzia majani mpaka wanawe waliohama na boma lililobaki na watu watatu. Alipomaliza nikamwambia, ninyi mnajua kupeana habari, sisi tumepotea. Akanicheka. "Sisi tumepeana habari zote, dereva, wala hazijatusaidia. Ila tunajua tunachopoteza." Akachukua sukari yake akaenda zake, na wageni wangu walikuwa wananipigia honi.

Mwezi uliopita akidi ilitimia. Nilifika mapema nikakaa kwenye benchi la baba. Mtendaji alinifuata mlangoni akanieleza kwa upole kwamba suala la chemchemi limefungwa, kwamba mkataba umeshapita ngazi zote na halitafunguliwa hata tukilitaja. Nilijua anasema kweli. Mwenyekiti alipofungua, nikanyoosha mkono nikasema muhtasari usomwe wote. Vijana waliguna. Mmoja akasema, "Mzee amefufuka," wakacheka, wakatoka nje na simu zao. Mwanangu mwenyewe alikuwa miongoni mwao.

Ukasomwa. Nilisimamisha kila ajenda kama alivyofanya baba, nikageuka nyuma nikawaeleza bibi kwa Kiiraqw, nikauliza, "Ndivyo tulivyosema?" Kiiraqw changu kimechakaa, mama alinirekebisha mara mbili mbele ya watu. Bibi waliitikia. Kumbe muhtasari wenyewe ulikuwa wa mkutano ule ule wangu, maana ndio wa mwisho uliokamilika. Mtendaji akafika kwenye kipengele cha kuthibitisha muhtasari uliotangulia. Akasoma, bila kuinua macho, kwamba mwana wa marehemu fulani alipendekeza muhtasari uchukuliwe kuwa umesomwa ili kuokoa muda, na mkutano ukaafiki.

Bibi walikuwa wananisubiri nitafsiri. Mama alikuwa katikati yao, mikono mapajani. Nikageuka nikawaeleza neno kwa neno nilichosema siku ile. Ilibidi niulize, kwa sababu nilikuwa nimeuliza kila ajenda, na sikuwa na haki ya kuiruka hiyo.

"Ndivyo tulivyosema?"

Mama alisema ndivyo. Mwenyekiti akauliza wanaothibitisha ni akina nani, na mimi nikawa wa kwanza kunyoosha mkono.