Habari Iliyotangulia Mashindano

Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, shangazi yangu alisoma kwenye simu yake kwamba amekuwa wa mwisho kwenye mashindano ya kuogelea.

Mashindano yenyewe yalikuwa hayajafanyika.

Na aliyeandika habari hiyo ni mimi, mtoto aliyemlea kwa mikono yake.

Ngoja niwasimulie ilivyokuwa, maana kuna watu mpaka leo wanaamini mimi ni mchawi.

Mchana nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ofisi. Natoa nakala, nachapa barua, napiga picha za paspoti. Lakini mji mzima unanijua kwa kazi yangu ya pili: naendesha ukurasa wa habari za mji wetu mtandaoni.

Harusi, msiba, maji kukatika, mbuzi kapotea, meli imechelewa. Vyote vinapita kwangu.

Sasa niwape siri ya kazi, na msinitukane.

Habari za matukio ya mji huwa naziandika siku moja kabla.

Ndiyo. Kabla.

Siku ya tukio kila mtu yuko ufukweni anarusha video, mtandao unakufa kabisa. Halafu, tuseme ukweli, mji wetu hauna jipya. Mgeni rasmi lazima achelewe. Spika lazima zigome. Na kwenye kuogelea, muoka mikate lazima ashinde, maana jamaa ana mabega mapana kama mlango wa stoo.

Miaka mitatu nimeandika hivyo na sijawahi kukosea hata nukta.

Kwa hiyo Ijumaa mchana, kati ya mteja na mteja, nikaandika habari ya mashindano ya kesho yake. Muoka mikate bingwa kwa mara ya nne. Mgeni rasmi kachelewa dakika arobaini.

Nikafika kwenye sehemu ya shangazi.

Shangazi ni fundi cherehani, ana miaka sitini na moja. Daktari alimwambia aogelee kwa ajili ya magoti, akaanza kama mchezo, miezi minane baadaye akajiandikisha kwenye mashindano. Kila asubuhi alikuwa majini. Mimi kila asubuhi nilikuwa kitandani.

Nikaandika hivi: "Mshiriki mwenye umri mkubwa kuliko wote, fundi cherehani wetu, amemaliza wa mwisho baada ya kuishiwa nguvu kwenye boya la tatu, lakini alishangiliwa sana."

Hilo la kushangiliwa niliona ni heshima. Nilijisifu kabisa.

Nikaipanga simu irushe yenyewe Jumamosi saa kumi na mbili jioni, nikasahau.

Jumamosi ikafika. Upepo mkali, bahari imechafuka. Saa kumi jioni mwenyekiti wa kamati akapanda jukwaani, spika zikagoma, akapaza sauti kwa mdomo: mashindano yameahirishwa hadi Jumapili saa tatu asubuhi.

Mimi nikabaki kuwasaidia kubeba viti. Simu nilikuwa nimeiacha dukani inachaji.

Unaona balaa linavyojipanga?

Nilipoishika ile simu, ilikuwa na ujumbe mia moja na kitu.

"Hongera muoka mikate!"

"Mbona mimi niko ufukweni na sijaona mtu majini?"

"Mwandishi, naomba uandike na mimi nimeolewa."

Nilicheka huo mmoja tu. Halafu nikakumbuka shangazi, kicheko kikakata.

Nilikimbia mpaka kwake. Alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, miwani puani, simu mbele yake. Hakuwa anashona.

"Shikamoo shangazi."

Kimya.

Jamani, mnajua maana ya shikamoo kukosa jibu? Miaka yote ya maisha yangu mama huyu hajawahi kuninyima marahaba, hata siku niliyochoma pazia lake jipya kwa pasi.

"Shangazi, naomba nieleze..."

"Boya la tatu," akasema. "Kwa nini la tatu? Ungeniacha basi nifike hata la nne."

Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Mimi naandika tu kama ilivyo kawaida, shangazi. Sikuwa na nia mbaya."

"Najua huna nia mbaya. Ungekuwa nayo ningekasirika kidogo tu." Akavua miwani. "Miaka arobaini nashona. Sijawahi kukata kitambaa cha mtu bila kumpima. Wewe umenishonea bila kunipima. Hujaja hata siku moja kuniona naogelea."

Hapo ndipo iliponiuma. Kweli sikuwa nimekwenda. Hata siku moja.

"Nitaifuta, shangazi. Sasa hivi."

"Usiiguse. Mji mzima umeshaisoma, ukiifuta itaonekana nimekulilia. Kesho unaingia majini na mimi, ukaone unachokiandika. Ukifika mwisho, nimekusamehe. Usipofika, usinijie tena na habari zako."

"Mimi? Shangazi, mimi nikipanda ngazi mbili nahema!"

"Wenye kuhema ndio wanaojua kuandika habari za wenzao."

Mazungumzo yakaishia hapo.

Asubuhi nikamkuta gatini na vazi lake la kuogelea, kofia ya mpira kichwani, kama askari anayesubiri amri. Nikamwamkia. Kimya tena. Akanitupia mfuko.

Ndani kulikuwa na kaptula mpya kabisa ya bluu. Alikuwa ameishona kwa ajili yangu.

Nikaivaa. Tungeingia wawili na nafasi ikabaki.

"Shangazi, ni kubwa."

"Ndiyo. Na mimi nimekushonea bila kukupima. Uone inavyopendeza."

Mwenyekiti akatugawia namba. Tulikuwa kumi na tano, tunatoka gati hilo la zamani kwenda gati jipya kwa kufuata maboya. Muoka mikate alikuwa amechoka kupongezwa tangu jana, kila anayempita anamuuliza ilikuwaje. Mgeni rasmi akachelewa. Niliangalia saa: dakika thelathini na nane. Nikaanza kuogopa kidogo.

Filimbi ikalia. Tukajitosa.

Sasa sikilizeni. Tangu nizaliwe sijawahi kuona mtu anaogelea kama shangazi yangu. Hana papara, hana maji ya kurusha. Mkono unaingia, mkono unatoka, kama anavyopeleka kitambaa chini ya sindano. Kwenye boya la kwanza alikuwa wa saba. La pili, wa tano!

Wa tano! Mwanamke wa miaka sitini na moja!

Nilitaka kushangilia, nikanywa maji.

Mimi nilikuwa na vita yangu. Ile kaptula ilikuwa imejaa maji ikawa mzigo, na kila nikipiga miguu inashuka. Kwa hiyo mkono mmoja unaogelea, mkono mmoja umeshika heshima. Jaribuni nyumbani muone mtafika wapi.

Nilijikokota mpaka boya la tatu, hapo msuli wa paja ukakaza. Nikalishika boya, nikapiga ukelele ambao sitausimulia.

Mashua ya waokoaji ikasogea. "Mwandishi, panda!"

"Sipandi!"

"Utazama, wewe!"

"Nikipanda shangazi hatanisamehe!"

Nilisema hivyo nikiwa nalia, na sioni aibu kuwaambia. Paja lilikuwa linauma, lakini sikulilia paja.

Kufungua macho vizuri, naona kofia ya mpira inarudi. Inarudi, si inakwenda! Wenzake wote wanaelekea gati jipya, yeye kageuza.

Akafika, akanishika kwapani.

"Panda mashua."

"Sijamaliza, shangazi. Ulisema nisipomaliza..."

"Nilishakusamehe jana ulipokuwa unatoka mlangoni. Nilitaka tu uteseke kidogo. Panda, kabla hiyo kaptula haijakuaga."

Nikapanda. Wale waokoaji walicheka mpaka mashua ikayumba.

Na shangazi akaendelea peke yake. Wote walikuwa wameshamaliza. Muoka mikate alikuwa na medali shingoni tayari. Nilimtazama shangazi akimeza ile sehemu iliyobaki, mkono mmoja mmoja, hana haraka, na watu wote gatini wakasimama. Walipiga makofi, walipiga vigelegele, mwenyekiti akasahau hotuba yake.

Akashika ngazi ya gati. Wa mwisho.

Ndipo nilipokumbuka habari yangu.

Muoka mikate bingwa. Mgeni rasmi kachelewa. Fundi cherehani kamaliza wa mwisho, lakini alishangiliwa sana. Mtu kaishiwa nguvu kwenye boya la tatu, ila huyo alikuwa mwandishi.

Nikamfuata alipokaa amejifunga taulo. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Marahaba."

"Sijakuamkia bado, shangazi."

"Ya jana, na ya leo asubuhi. Nilikuwa nimeziweka tu."

Nikatoa simu, nikamwambia sasa naifuta ile habari niandike upya.

Akaichukua, akaisoma polepole, akanirudishia.

"Usifute. Matokeo umeyapata. Weka sababu."

Nikatoa maneno ya kuishiwa nguvu, nikaweka mstari mmoja: "Alikuwa wa tano. Alirudi kumchukua mtoto wake."

Ndugu zangu, siku hizi watu wananiandikia niwatabirie mtihani, mpira, hadi mchumba. Nawajibu wote hivi: atakayemaliza wa mwisho unaweza kumbahatisha ukiwa umekaa dukani. Kwa nini kawa wa mwisho, hilo lazima ulowe.

Ile kaptula ninayo bado. Jana shangazi aliniita na futi ya kupimia mkononi, ili aipunguze.