Vikalio vya Shaba Njano

Mdogo wangu alichonga funguo miaka thelathini na mmoja, katika kibanda chenye upana wa kitanda, nje ya ukuta wa stesheni ya gari moshi. Watu nimewaambia kwamba aliwahi kufungua sefu ya benki kwa pini ya nywele huku ananyonyesha. Haya, sefu ilikuwa ya duka la viatu, na hakuwa ananyonyesha. Lakini pini ilikuwepo, niliichomoa mwenyewe kichwani mwangu.

Mumewe alikuwa mpiga gitaa. Bendi yao ilipiga kila Jumapili saa tisa alasiri, katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli, na yeye ndiye aliyekuwa mpiga solo. Walimwita Vidole. Jina alilopewa na mama yake lilishasahaulika. Hata barua zake zilikuja zimeandikwa Vidole, na zilifika. Siku moja panya wawili walitoka chini ya jukwaa, wakasimama wima kwa miguu ya nyuma, wakamsikiliza wimbo mzima. Paka alikuwepo pale pale. Naye alisikiliza kwanza.

Basi ukafika mwaka ambao nyuzi zilianza kumkatikia.

Ulikuwa uzi ule ule kila Jumapili, wa kwanza, mwembamba kuliko wote. Ulikatika katika wimbo ule ule ambao watu waliufuata kutoka mbali, tena mahali pale pale: mwishoni, waimbaji wanaponyamaza, ngoma zinashuka, na gitaa linapanda peke yake juu kwa juu mpaka watu wanasahau kupumua. Kabla halijapanda, paa! Uzi umekatika. Mara ya tatu uliruka ukamnyoa kiongozi wa bendi sharubu upande mmoja, akiwa na tarumbeta yake mdomoni. Upande wa pili alimalizia mwenyewe nyumbani, kwa aibu.

Jumapili ya tano kiongozi alishindwa kuvumilia. Alikuwa mtu mnene, mpole, anayetoa jasho hata akikaa kivulini. Wakati wanafunga vyombo alimwambia mbele yetu:

"Vidole, ndugu yangu. Uzi mmoja tena ukatike, mmoja tu, unanirudishia shati."

Shati la bendi lilikuwa la buluu, kola nyeupe. Bila hilo hupandi jukwaani.

"Nyuzi za siku hizi mbovu," Vidole akasema.

"Mbona za mwenzako hazikatiki?"

Yule mwenzake, mpiga gitaa la pili, akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Mdogo wangu aliyasikia yote. Asubuhi ya Jumatatu nilipokwenda kukaa kibandani kwake, kama kawaida yangu ya kumchosha, nikalikuta gitaa limelala juu ya meza yake kama mgonjwa.

"Dada, shika hapa."

Nikashika. Chini kabisa ya gitaa, kule mkono wa kulia unakopigia, kuna kibao cha chuma, na juu ya kibao kuna vipande vidogo sita vyenye skrubu. Kila uzi umekalia cha kwake kabla ya kwenda kufungwa. Mafundi wa magitaa sijui wanaviitaje. Sisi tuliviita vikalio, na mimi nilicheka peke yangu kwa muda, maana akili yangu haina adabu.

Mdogo wangu alipitisha ukucha juu ya kikalio cha uzi wa kwanza.

"Kinakwaruza."

Akachomoa uzi wa pamba kwenye pindo la gauni lake, akaupitisha pale, akauvuta kidogo tu. Ukakatika kama umepita kwenye wembe.

"Umeona? Chuma kimelika, kimetoa makali. Mume wangu hana kosa, anapiga juu ya kisu."

Alifurahi kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake ana mafua tu. Kwenye funguo na kufuli ndiko alikosomea, na hapo alikuwa kwake. Akachukua kufuli bovu la shaba njano, kubwa, ambalo ufunguo wake ulipotea hata mwenyewe hakuja kulichukua, akalikata kwa msumeno wa chuma. Siku tatu alichonga. Shaba njano ni laini kuliko chuma, aliniambia, haitafuni uzi. Alipiga tupa, akapiga msasa, akatoboa matundu ya zile skrubu za zamani, akachimba kijifereji kwa ajili ya kila uzi, kipana kwa mnene na chembamba kwa mwembamba, kisha akasugua kwa kipande cha ngozi mpaka vikang'aa. Mwishoni akasaga risasi ya penseli, akapaka unga wake ndani ya vijifereji, kama alivyopaka kwenye makufuli magumu, ili nyuzi ziteleze.

Vidole alikuja mchana wa siku ya tatu. Akasimama mlangoni.

"Nani amekutuma?"

"Mtu anataka kumvua mume wangu shati, nami nikae nimekunja mikono?"

"Vya zamani viko wapi?"

"Kwenye kopo la vyuma chakavu. Unavitaka vya nini?"

Akalitazama lile kopo. Mimi nikaona nimchangamshe. "Shemeji, umepata makalio mapya, yanang'aa kuliko uso wako!"

Hakucheka. Mtu huyu alicheka vichekesho vyangu miaka yote, hata vile vilivyokuwa havichekeshi. Nilidhani ana njaa.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mimi na mdogo wangu tulikaa mstari wa pili, yeye mgongo wima kama mzazi wa mwanafunzi siku ya zawadi. Wimbo ukafika mwishoni. Waimbaji wakanyamaza, ngoma zikashuka. Nikamwona Vidole anauchapa ule uzi wa kwanza kwa nguvu, karibu kabisa na kile kikalio. Akauchapa tena. Uzi ukaimba, haukukatika.

Mdogo wangu alinikamata goti. "Umeona, dada? Haukatiki!"

Akauchapa mara ya tatu. Kisha hakuwa na la kufanya, ikabidi apande.

Hapa siongezi chumvi hata punje. Vidole viwili vya kwanza vya mkono wa kushoto vilikwenda vizuri. Kile cha pete na kile kidogo vilichelewa, vikafika pamoja kama walevi wawili walioshikana mabega, vikaangukia mahali pasipo pao. Akarudia. Vikajikunja, visikunjuke. Gitaa likatoa sauti kama ya mlango wa bati. Ukumbi ukatulia, halafu mtu mmoja nyuma akapiga kelele:

"Vidole! Vidole umeviacha nyumbani?"

Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka, kwa sababu kichekesho kilikuwa kizuri. Mpiga ngoma akaufunga wimbo haraka haraka. Mkono wa mdogo wangu ulikuwa bado juu ya goti langu, na nilisikia unavyopoa.

Kiongozi alikuja akampiga Vidole begani. "Siku mbaya kila mtu anayo. Tuonane Jumapili ijayo."

Nyumbani Vidole alikaa mezani, uso dirishani. Mimi niliwafuata mpaka ndani. Mdogo wangu alimshika ule mkono wa kushoto, akauweka juu ya kitambaa cha meza, akachukua pini, akaichoma kwenye ncha ya kidole kidogo. Ikazama. Tone la damu likatoka.

"Unataka kuchoma, choma basi," Vidole akasema, bado anatazama nje.

"Ngoja kidogo," mdogo wangu akasema. Akaichomoa pini taratibu, akalifuta lile tone kwa kidole gumba.

Ndipo Vidole alipoeleza. Ganzi ilianza mwaka uliopita. Alikwenda hospitali peke yake, daktari akamshika kiwiko, akamgonga gonga, akamwambia mshipa wa fahamu umekufa na haurudi. Akatoka pale akaenda moja kwa moja mazoezini. Na kile kikalio hakikulika chenyewe. Alikichonga makali yeye, kwa tupa ya pembe tatu ya mkewe, mchana mmoja mkewe alipokwenda sokoni. Akifika mahali pa kupanda, anauchapa uzi, unakatika, wimbo unaisha.

"Uzi ukikatika wananipa pole," alisema. "Leo umesikia walichonipa."

"Sikujua," mdogo wangu akasema.

"Ungejuaje?"

Vidole hakumkasirikia hata kidogo, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Alhamisi mchana tulitoka mimi na mdogo wangu kununua chumvi. Tuliporudi tukamkuta Vidole kibandani. Gitaa lilikuwa mezani limefunguliwa, na kile kikalio cha shaba cha uzi wa kwanza kilikuwa kimebanwa kwenye jiliwa, lile koleo la mezani la kushikia vyuma. Alikuwa ameshika tupa kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto anajaribu kuiongoza ncha yake. Tupa ikateleza. Akarudisha, ikateleza tena, ikamchuna kidole kidogo, naye akaendelea kwa kuwa hakusikia maumivu. Shaba yote ilikuwa imejaa mikwaruzo na damu.

"Unafanya nini, mume wangu?"

"Jumapili uzi ukatike."

"Ukikatika utavuliwa shati. Kiongozi amesema."

"Najua. Nitavuliwa nikipiga na nitavuliwa nisipopiga. Nataka nivuliwe kwa sababu ya uzi. Siombi kingine."

"Waambie mkono unaumwa. Ni watu wako wale, watakuonea huruma."

"Nimekuwa Vidole miaka ishirini na sita," akasema. "Nikishawaambia hivyo, wataniitaje? Nami nitaitika?"

Nilimtazama mdogo wangu. Nilijua anaweza kumnyang'anya ile tupa, ana mikono kama koleo. Nilijua pia anaweza kwenda mwenyewe kumweleza kiongozi, naye angeelewa. Gari moshi la saa nane likapita na funguo zote ukutani zikatikisika zikatulia. Kisha mdogo wangu akavua kofia yake ya kazi, akamfunga mumewe kidole kwa kitambaa, akaichukua tupa.

Hakufanya ovyo. Hakujua kufanya ovyo. Aliinama juu ya kile kitu alichokichonga siku tatu, akakitia makali upande mmoja, polepole, anapima kwa ukucha, mpaka kikawa kama alivyotaka. Akachomoa uzi pindoni. Ukakatika.

"Usiuchape mara tatu," alimwambia. "Mara moja inatosha. Watu wana macho."

Jumapili ikaenda kama ilivyopangwa. Waimbaji wakanyamaza, ngoma zikashuka, paa! Watu wakaguna "Aaaa!" ukumbi mzima. Vidole akainua mkono wa kulia kuomba radhi. Kiongozi aliipangusa tarumbeta yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji, halafu akasema, "Nimesema na siwezi kurudi nyuma, ndugu yangu," na machozi yakamtoka yule mtu mnene. Vidole akalivua shati, akalikunja kwa mkono mmoja kifuani. Watu walisimama kumshika mkono, na mama mmoja mstari wa mbele alilia kwa sauti kama amefiwa. Mkono wake wa kushoto ulikaa mfukoni mwa suruali.

Mimi nilidhani yameisha. Lakini kiongozi aliliokota gitaa, akaligeuza kwenye mwanga, akaona shaba inang'aa.

"Hivi ni vitu gani?"

Vidole alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, na fulana yake ya ndani. Akatazama sakafu.

"Nilivichonga mimi," mdogo wangu akasema. "Kwa kufuli bovu."

"Kwa kufuli?" Kiongozi akatikisa kichwa. "Mama, kumbe ndivyo vinavyokata nyuzi wiki zote hizi! Ufunguo ni ufunguo. Gitaa ungewaachia wenyewe."

Nikafungua mdomo. Mdogo wangu alinikanyaga mguu, kisigino chote, mpaka leo ukucha ule unaota umepinda. Nikaufunga.

Kufikia Jumatano stesheni nzima ilikuwa na habari ya mwanamke aliyemharibia mumewe gitaa kwa ujuaji. Wengine walisema alifanya makusudi, kwa wivu. Mchonga funguo wa ng'ambo ya barabara, ambaye funguo zake zilifungua milango yote isipokuwa ule uliokusudiwa, akaanza kupata foleni. Kwa mdogo wangu nilikaa siku nzima nikahesabu wateja kwa vidole vya mkono mmoja, na dole gumba lilibaki.

Vidole alihamia kibandani. Asubuhi anakuja naye, anakaa kwenye kigoda kando ya mlango, mkono mfukoni, watu wanamsalimia kwa heshima. Siku moja alikuja bwana mmoja na ufunguo wa kabati. Kabla hajautoa, akamtazama mdogo wangu.

"Wewe ndiye uliyemharibia Vidole gitaa?"

"Ndiye mimi," mdogo wangu akajibu, hakuinua kichwa. "Weka ufunguo hapo."

Yule bwana akamgeukia Vidole, aliyekuwa anakunywa chai.

"Pole sana, kaka."

"Asante," Vidole akasema.