Verna Alivyoisafisha Pikapu ya Orrin

Alhamisi jioni, wanaume wa Plover Creek hujaa kwenye uwanja wa duka la aiskrimu, kila mmoja na gari lake la zamani. Huegesha kinyumenyume, hufungua boneti, hukunjua viti na kukaa kando ya magari yao kama wauza nyanya. Hakuna shindano wala zawadi. Ni kukaa tu na kudanganyana habari za injini, na katika fani hiyo mji wetu haujapata mpinzani jimbo zima la Ohio.

Verna Stuckey hakuwahi kukanyaga pale. Mumewe Orrin alikwenda kila Alhamisi miaka yote ya ndoa yao, yeye akabaki nyumbani kufaidi ukimya. Mwezi wa tatu Orrin akafariki. Verna hakulia. Alipika, akasaini karatasi za mazishi, akawashukuru waliokuja, kana kwamba msiba ni wa jirani. Kilichomsumbua ni kitu kimoja: kila Alhamisi, saa ya mume kurudi, masikio yake yalisimama yenyewe kungoja mngurumo wa ile pikapu. Na pikapu iko bandani, kimya. Akaamua iondoke. Ikishaondoka, masikio yatapumzika.

Wendell, rafiki wa marehemu, mwenye tumbo linalotangulia kuingia mlangoni, akamtafutia mnunuzi wa kutoka Dayton. Bwana huyo alikwisha kuiona pichani, akaipenda mno. Wakapatana aje kuichukua pale uwanjani.

Sasa Verna ni mtu asiyeweza kurudisha hata bakuli la watu bila kulisugua. Jumatano akashika brashi, sabuni ya unga na dawa ya kung'arisha, akaishughulikia pikapu mchana kutwa. Mlango wa dereva ulikuwa na maandishi yaliyofifia, jina la duka la chakula cha kuku lililoinunua ikiwa mpya, mwaka 1948. Akayasugua mpaka yakaisha. Mkono ulimuuma, hilo angalau alilisikia.

Alhamisi akaiendesha mwenyewe, akaegesha kwa kutanguliza pua, boneti imefungwa, akabaki ndani. Wanaume wakasogea mmoja mmoja, vikombe vya aiskrimu mikononi. Walipouona mlango wakasimama. Mmoja akavua kofia. Siku ya kumzika Orrin, huyo huyo hakuivua.

Wendell akainama dirishani. "Shemeji, maandishi yako wapi?"

"Maandishi gani? Ule uchafu?"

Wendell akafumba macho. Akamweleza polepole, kama daktari anayetoa majibu mabaya, kwamba pikapu zinazong'aa zimejaa kila mji, rangi inauzwa dukani. Lakini mlango ule, uliochorwa kwa mkono na kuchakaa wenyewe miaka yote hiyo, ndio uliokuwa thamani yote ya gari. Orrin alikuwa akiupangusa kwa kitambaa kikavu, huku amebana pumzi.

Verna alimtazama midomo ikienda.

"Mazishini mlikuja wote," akasema. "Mkala viazi vyangu vya jibini, mkaongeza. Hakuna hata mmoja aliyeona aniambie nisioshe gari?"

Wakachungulia vikombe vyao vya aiskrimu, watu ambao ukiwauliza habari ya kabureta utawakimbia wewe.

Mnunuzi akafika, akaizunguka pikapu mara moja, akapitisha kidole mlangoni. Alikuwa mstaarabu. "Pole sana kwa msiba, mama," akasema, na Verna hakujua ni msiba upi. Akarudi Dayton mikono mitupu.

Uwanja mzima ukamwangalia Verna, ukingoja alie. Hata yeye alikuwa akingoja. Hakikuja kitu. Wendell akaifungua ile boneti kwa vile mikono yake ilitaka kazi, akamletea kiti, akamletea na aiskrimu. Verna aliimaliza yote, na ungemuuliza ilikuwa ya ladha gani, asingekwambia.

Alipoinuka kuondoka, Wendell akajikaza kutania. "Liache gari nje tu, shemeji. Jua na mvua miaka arobaini, litarudia heshima yake."

"Nina sabini na moja, Wendell."

"Basi anza leo."

Hakucheka. Akaendesha hadi nyumbani, akasimama mbele ya banda bila kuzima injini. Masikio hayakuwa na la kungoja; mngurumo ulikuwa chini yake mwenyewe, ukimtikisa magoti. Alikaa hivyo mpaka taa za jirani zikawashwa. Kisha akazima, akaiacha pikapu uani, funguo humo humo. Mwizi akitaka, karibu.