Mtaro Tulioufukia kwa Ngoma

Wiki jana, kwenye barabara mpya ya Bungulu, mtaa niliozaliwa, harufu ya udongo mbichi ilinirudisha utotoni. Mitaro ya barabara hiyo nimeichora mimi, mtoto wa mchimba mitaro, niliyejisomesha Ulaya mpaka nikarudi na diploma ya injinia.

Baba aliuchimba mtaro wa zamani wa barabara hiyo chini ya fimbo ya Wabelgiji. Uhuru ulipofika, yeye na wanaume wa mtaa waliufukia, kwa ngoma na pombe ya ndizi.

"Baba Masika, maji ya mvua itapita wapi sasa?" mama alimuuliza.

"Itajitafutia njia! Leo hatuko tena batumwa ba mutu!"

Watu walicheka. Nami nilikanyaga udongo ule kwa miguu mitupu, nikidhani tunauzika utumwa wenyewe.

Alasiri mvua ikashuka, na ngoma hazikunyamaza. Maji yaliyozoea mtaro yalivuka barabara, yakaingia nyumbani kwetu, bondeni, ambako mdogo wangu Masika alikuwa amelala. Ukuta wa udongo ulilainika, ukamwangukia. Nilisikia sauti ya mama ikipanda juu ya ngoma. Nilifikiri anaimba uhuru, nikampigia makofi.

Juzi tulifika mbele ya kiwanja kile alipofia Masika.

"Injinia," fundi aliniita, "mbona hapa tunachimba chini sana? Plani haisemi vile."

"Chimba tu," nilimjibu, nikigeuza uso. "Mwenye diploma ni mimi."