Maharagwe Mawili Kofiani

Edinah alikuwa akimpimia mteja maharagwe sokoni Misikhu simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa Wacera, aliyefundisha shule moja na Makokha, mdogo wa Edinah, huko Kitale.

"Dada, keti kwanza," akasema, na Edinah akajua kabla hajaketi. Upepo ulikuwa umevunja tawi la mkaratusi, nalo likamwangukia Makokha akipita chini, likamuua.

Makokha alifundisha baiolojia miaka mingi, na kila likizo alirudi nyumbani Matulo kuimba besi kwenye kwaya. Alikuwa mtu wa kicheko. Darasani alisema viumbe vimebadilika kizazi hadi kizazi, na mabadiliko mengine hutokea kwa bahati nasibu. Jumapili aliomba kwa macho yaliyofumbwa. Hakuona ugomvi wowote hapo. Mzee wa kanisa, Eliakim, aliuona.

"Edinah dadangu," alimwambia matangani, "mtu wa kusema ati tumetokea kwa bahati, nitamzikaje kikanisa?"

Edinah hakutaka kitu kingine ila hicho: Makokha azikwe na kanisa alilolipenda.

"Mzee, wewe ulichaguliwaje?"

"Si unajua? Kura zetu na Wepukhulu zililingana. Tukatia maharagwe mawili kwenye kofia, jekundu na jeupe. Nikatoa jekundu."

"Basi uzee wako wa kanisa ni wa bahati."

"Hapana bana! Mungu alinichagua."

"Kwa kutumia nini?"

Wepukhulu, aliyekuwa akiota moto karibu, akapasua kicheko. "Mjibu, mzee! Ama uniachie hicho kiti!"

Waombolezaji wakacheka, hata Edinah.

"Makokha aliniambia hivyo hivyo," akasema. "Sisi kutojua litakalotoka si kusema Mungu hayupo. Ameuachia uumbaji nafasi, kama mzazi anavyomwacha mtoto acheze uani. Boma ni lake bado."

"Na lile tawi?" mzee akauliza, sasa kwa upole.

"Kama alilituma au aliliacha lianguke, sijui. Najua hakumwacha Makokha."

Eliakim aliinamisha kichwa, kisha akauliza ibada ianze saa ngapi.

Jumamosi alikuja amevaa koti jeusi. Kwaya iliimba, Wacera akasema machache kwa niaba ya walimu, na vijana wakateremsha jeneza. Mzee akaomba. Edinah akatupa konzi ya udongo, wengine wakamfuata, kaburi likajaa. Wakaweka maua juu, neema ikatolewa, watu wakaenda kunawa mikono.