Mbuzi Wangu Kaliwa na Wenye Kura

Jamani, leo nimenyimwa nyama ya mbuzi wangu mwenyewe!

Mwezi uliopita bwana mgombea alipita hapa Garsen kuomba mchango. Pesa sina, mnanijua, nauza mahamri. Nikampa mbuzi wangu, na nilikuwa naye huyo huyo mmoja. Akasema atamuuza apate petroli ya kampeni.

Leo akafanya mkutano Minjila. Nafika, nyama inachemka, kichwa kimewekwa juu ya majani.

Naangalia sikio. Alama yangu! Niliikata mimi, kwa kisu changu.

Bwana mkubwa akasimama. "Kuleni ndugu zangu, huyu nimemnunua kwa jasho langu."

Jasho gani? La mbuzi?

Haya, nikapanga foleni. Mpambe wake akaniuliza, "Kaka, una kura ngapi?"

Nikasema sina. Serikali ya mkoloni inampa kura msomi au mwenye mali, hata mbili tatu mtu mmoja, na mimi shule niliiacha mapema.

"Basi ngoja nyuma. Kwanza wenye kura."

Mwalimu ana kura tatu. Akaondoka na paja zima!

Nikapiga kelele, "Huyo mbuzi wangu!" Watu wakacheka mpaka basi. Wamezoea mzaha wangu. Mgombea naye akacheka, akaniletea mchuzi. Mchuzi mtupu, wallahi, hata kifupa hamna!

Nimeumwaga pale pale mbele yake.

Sasa nyinyi niambieni, maana mimi nimeshindwa: siku ile anafungua kamba ya mbuzi wangu, mbona hakuniuliza nina kura ngapi?